Kodi ya Nyumba, Kura na Dawati la Mtoto: Nani Analipia Shule Brussels, Marekani na Kwetu?



Wenzetu wanaosoma Marekani hutusimulia jambo moja ambalo sisi wa Brussels hatulioni kabisa. Msimu wa kura ukikaribia, majirani zao huchomeka vibao vidogo mbele ya nyumba, vinavyosihi watu wapige kura ya ndiyo kwa ajili ya shule. Anayeombewa kura siyo mbunge wala diwani. Ni kodi! Watu wanaombwa wakubali kodi ya nyumba zao wenyewe iendelee kwa miaka mingine mitatu au mitano, ili shule za umma za eneo lao zisipungukiwe. Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tukisikia hivyo tunashangaa. Tangu lini mtu akaulizwa kama anataka kulipa kodi?

Swali likaja kwenye maongezi yetu: je, Wabelgiji nao wana kitu kama hicho? Jibu fupi ni hapana, tena sheria yao inakataza waziwazi. Jibu refu ndilo lililonifanya niandike makala hii, kwa sababu ndani yake kuna suala linalotuhusu sote tunaotarajia kurudi nyumbani kuwa walimu, wahandisi, maofisa wa halmashauri na wazazi. Pesa za shule zitoke wapi, na nani aulizwe? Mimi ni mtu wa uhandisi, siyo mwanasheria wala mchumi, kwa hiyo nitaeleza kama tunavyoeleza mtambo: kinachoingia, kinakopita na kinakotokea.

MAREKANI: JIRANI ANAPIGIA KURA DARASA LA MWANAO

Marekani shule za umma kwa kawaida huendeshwa na wilaya za shule. Sehemu kubwa ya fedha hutoka serikali ya jimbo na kodi ya majengo ya eneo lenyewe. Serikali kuu huchangia kidogo tu. Katika majimbo mengi, wilaya ya shule ikitaka kodi ya ziada haiwezi kujiamulia yenyewe, inabidi iende kwa wapiga kura. Na mara nyingi kodi hiyo ina muda wake. Muda ukiisha, wanarudi kwenye sanduku la kura kuomba iendelee.

Chukua jiji la Portland, jimbo la Oregon. Sheria ya huko inaruhusu kodi ya namna hii kwa shule isizidi miaka 5 kwa mara moja. Wapiga kura waliipitisha mwaka 2011, wakaihuisha 2014, wakaihuisha 2019, na tena Mei 2024. Kiwango ni dola 1.99 kwa kila dola 1,000 za thamani iliyoandikwa kwenye daftari la kodi. Nyumba iliyoandikwa dola 200,000 inalipa dola 398 kwa mwaka, na pesa hiyo inaenda kwenye mishahara ya walimu. Mtu anajua analipa ngapi, kwa kazi gani na mpaka lini. Kwa uwazi, jamaa wametupita mbali.

Kila jimbo lina masharti yake. Jimbo la Washington zamani lilitaka kura za ndiyo zifike asilimia 60. Mwaka 2007 wananchi wakabadili katiba ya jimbo, ikawa inatosha kuzidi nusu. Ohio nako kuna sheria ya mwaka 1976 inayosema kuwa thamani ya nyumba ikipanda, kiwango cha kodi iliyopigiwa kura kinashushwa ili mapato yasipande nayo. Bei za vitu zinapanda, mapato ya shule yamesimama palepale. Matokeo yake shule za Ohio zinarudi kwa wapiga kura kila baada ya miaka michache, kama mtu anayekopa kwa Mangi kila mwisho wa mwezi.

Sasa kasoro. Kodi ya nyumba inafuata thamani ya nyumba. Penye majumba ya fahari, kiwango kidogo kinaleta pesa nyingi. Penye vibanda, hata mkijikamua mpaka damu itoke, kinachopatikana ni kidogo. Mfano unaojulikana sana ni wa San Antonio, Texas. Katika mwaka wa masomo 1967/68, wilaya maskini ya Edgewood ilijitoza dola 1.05 kwa kila dola 100 za thamani ya mali, ikapata dola 26 kwa kila mwanafunzi. Wilaya tajiri ya Alamo Heights ilijitoza senti 85 tu, ikapata dola 333. Soma tena hesabu hiyo. Maskini wamejitoza zaidi, wakapata chini ya moja ya kumi! Wazazi wa Edgewood wakaenda mahakamani. Mwaka 1973 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua, majaji 5 dhidi ya 4, kwamba utaratibu huo hauvunji katiba ya nchi. Tangu hapo vita hiyo imekuwa ikipiganwa jimbo kwa jimbo. Mahakama ya juu ya Ohio, kwa mfano, ilitamka mwaka 1997 kuwa mfumo wa jimbo hilo ni kinyume cha katiba yake.

Na kura haiendi upande mmoja tu. Juni 1978 wananchi wa California walipiga kura kuifunga kamba kodi ya majengo: isizidi asilimia 1 ya thamani, thamani yenyewe ihesabiwe kwa daftari la 1975/76, na isipande zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba iuzwe. Shule za California zikabaki zikitegemea serikali ya jimbo kwa sehemu kubwa. Ukimuuliza mwenye nyumba, anaweza pia kukujibu "basi, imetosha".

BRUSSELS: ANKARA YENYE KUMBUKUMBU ZA 1975

Tuje hapa tulipo. Mkoa wa Brussels una manispaa 19: Ixelles yenye Matonge yetu, Schaerbeek, Anderlecht, Molenbeek, Uccle na nyinginezo. Kila mwaka mwenye nyumba anapokea ankara iliyoandikwa précompte immobilier kwa Kifaransa, au onroerende voorheffing kwa Kiholanzi. Hiyo ndiyo kodi ya majengo. Tangu 2018 inakusanywa na mamlaka ya kodi ya Mkoa, na anayetozwa ni yule aliyekuwa na nyumba hiyo mikononi tarehe 1 Januari.

Kodi haihesabiwi kwa bei ya nyumba sokoni. Inahesabiwa kwa kitu kinachoitwa revenu cadastral, yaani makadirio ya pango ambalo nyumba ingemwingizia mwenyewe kwa mwaka baada ya kutoa gharama. Makadirio hayo ni ya tarehe 1 Januari 1975. Ndiyo, 1975, mwaka ambao Msumbiji ilipata uhuru. Sheria ilitarajia yarudiwe kwa nchi nzima kila baada ya miaka 10, lakini haikuwahi kufanyika. Kilichofanyika tangu 1991 ni kuyapandisha kila mwaka kufuatana na bei za vitu, hadi leo yameshazidishwa zaidi ya mara mbili. Nyumba ikikarabatiwa sana inaweza kukadiriwa upya, lakini yenyewe tu, siyo mtaa mzima. Kwa hiyo mtaa uliokuwa umechakaa 1975, na leo una mikahawa ya bei mbaya, unaweza bado kulipa kama mtaa uliochakaa. Tusiwacheke. Nairobi nayo, mpaka 2022, ilitoza kodi ya ardhi kwa orodha ya thamani ya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hakuna mwanasiasa anayependa kuwa yeye ndiye aliyekuja kupima upya nyumba za wapiga kura wake.

Hesabu inakwenda hivi. Tuseme makadirio ya nyumba, yakishapandishwa, ni euro 2,000. Kodi ya msingi ya Mkoa ni asilimia 1.25, yaani euro 25. Unasema ni kidogo? Subiri. Juu yake zinakuja senti za nyongeza. Senti moja ya nyongeza ni sehemu moja ya mia ya ile kodi ya msingi. Manispaa ikiamua senti 3,000, maana yake ni kodi ya msingi mara 30: euro 750. Mkoa nao unaongeza za kwake, karibu 1,000, yaani karibu euro 250. Jumla imepita euro 1,000. Sehemu nene ya ankara, kama unavyoona, ni ya manispaa, na kiwango chake kinapitishwa na madiwani kwenye baraza lao. Hakuna kibao mbele ya nyumba wala kura ya mtaa.

Wapangaji, yaani karibu sisi sote, mshike hili. Kwa nyumba uliyopanga kama makazi yako makuu, sheria ya Ubelgiji tangu 1991 inakataza mwenye nyumba kukubebesha kodi hii. Ukiiona imeandikwa kwenye mkataba wa pango au kwenye orodha ya gharama za kila mwezi, huna wajibu wa kuilipa. Nenda ofisi ya msaada wa sheria ya manispaa yako au ya chuo, wakuangalizie karatasi kabla hujasaini.

SHULE ZINAKUNYWA TANGI LA PAMOJA

Je, pesa hiyo ndiyo inayolipa walimu? Hapana, na hapa ndipo tofauti na Marekani inapoanza.

Tangu 1989 elimu Ubelgiji iko chini ya serikali za lugha zinazoitwa Jumuiya. Brussels ina shule za Jumuiya mbili: ya Kifaransa, ambayo tangu 2011 inatumia jina la Fédération Wallonie-Bruxelles, na ya Kiflemi. Jumuiya hizi hazina kodi ya nyumba. Zinapewa mafungu ya kodi za nchi nzima kwa sheria maalumu ya tarehe 16 Januari 1989, iliyorekebishwa mara kadhaa baadaye. Fungu kubwa la elimu linatokana na VAT, na mgawanyo wake kati ya Jumuiya hizo unafuata idadi ya wanafunzi.

Maana yake nini kwako? Ukinunua kalamu unalipa VAT ya asilimia 21, ukinunua unga wa ugali Matonge unalipa asilimia 6, na sehemu ya pesa hizo inaishia darasani. Mwanafunzi wa kigeni asiye na hata tofali moja Ubelgiji ni mlipaji wa shule za Ubelgiji. Mtu akikuambia mmekuja kula tu, mjibu kwa hesabu hiyo.

Mishahara ya walimu inalipwa na Jumuiya. Iwe shule ya Jumuiya yenyewe, shule ya manispaa, au shule ya Kikatoliki inayopewa ruzuku, mwalimu mwenye sifa zilezile na miaka ileile kazini analipwa kwa jedwali lilelile. Huu ni urithi wa Mkataba wa Shule wa mwaka 1958, uliotiwa kwenye sheria ya tarehe 29 Mei 1959, baada ya miaka mingi ya magomvi kati ya wapenda shule za kanisa na wapenda shule za serikali. Katiba nayo, kifungu cha 24, inasema elimu ni bure mpaka mwisho wa elimu ya lazima. Umri huo ni miaka 18 tangu sheria ya 1983, na tangu Septemba 2020 watoto wanaanza kulazimika wakiwa na miaka 5 badala ya 6.

Kwa lugha ya mabomba: Portland kila mtaa una tangi lake juu ya paa, na ukubwa wa tangi unafuata ukubwa wa nyumba. Hapa kuna tangi moja mlimani na mabomba yanayopimwa kwa idadi ya vichwa. Upande wa Kifaransa waliongeza kitu kingine. Kwa sheria ya 1998, na zaidi ile ya 2009, shule zenye watoto wengi kutoka mitaa maskini zinapewa walimu na fedha za ziada. Mtaa wa Molenbeek wenye dhiki unapaswa kupata zaidi ya mtaa wa majumba wa Uccle. Edgewood mambo yalikuwa kinyume.

Msije mkadhani ni peponi. Vipimo vya kimataifa vya PISA vimeonyesha mara kwa mara kuwa Ubelgiji pengo kati ya watoto wa wenye nacho na wasio nacho ni kubwa. Watoto wanatengana kwa shule wanazochaguliwa na wazazi, na mgao sawa wa fedha hauzuii hilo. Vilevile kodi ya nyumba haijatoka shuleni kabisa. Manispaa zina shule zao, hasa za chekechea na msingi, na zinatia pesa zao kwenye majengo, chakula cha mchana na malezi ya watoto baada ya masomo. Senti 3,000 za manispaa yenye majumba makubwa zinaleta pesa nyingi kuliko senti 3,000 za manispaa ya vyumba vya kubanana. Ila mshahara wa mwalimu, ambao ndio gharama kubwa kuliko zote, umeondolewa kwenye bahati nasibu hiyo.

KWA NINI HAWAULIZWI?

Wabelgiji wanaogopa kura ya maoni, na wana sababu. Tarehe 12 Machi 1950 waliulizwa nchi nzima kama Mfalme Leopold wa Tatu arudi kwenye kiti baada ya vita. Jumla waliosema ndiyo walikuwa karibu asilimia 58, lakini Flanders ilisema ndiyo kwa wingi huku Wallonia na Brussels zikikataa. Mfalme aliporudi, migomo na ghasia zikalipuka, watu wakafa, na mwaka uliofuata akamwachia mwanawe Baudouin kiti. Nchi nzima haijaulizwa tena kwa kura ya namna hiyo.

Kwenye manispaa mlango ulifunguliwa kidogo kwa sheria ya mwaka 1995. Wakazi wanaweza kuitisha kura ya kutoa ushauri, na anayeruhusiwa kushiriki ni mkazi aliyesajiliwa mwenye umri wa kuanzia miaka 16. Lakini matokeo hayalifungi baraza, na sheria inataja mambo yasiyoruhusiwa kuulizwa: masuala ya watu binafsi, hesabu, bajeti, na kodi na ada za manispaa. Kile hasa ambacho mtu wa Portland anaulizwa ndicho ambacho mtu wa Ixelles haruhusiwi kuulizwa.

Gharama ya utaratibu huu ipo. Tangi la pamoja likipungua maji, hakuna wa kumwomba aongeze ndoo. Jumuiya ya Kifaransa inategemea mgao, kwa hiyo mgao ukibana inabidi ipunguze matumizi. Mwaka 1996 iliamua kupunguza nafasi karibu 3,000 za walimu, na wakagoma kwa majuma mengi. Mwanzoni mwa 2025 walimu waligoma tena kupinga hatua za kubana matumizi. Portland mzazi mwenye hasira ana kura ya kupiga juu ya jambo hilohilo. Brussels ana maandamano, na kura ya wabunge inayokuja baada ya miaka.

NA KWETU JE?

Usidhani kura ya kodi ya shule ni kitu cha Wazungu tu. Tanzania tunayo, ila hatuiiti hivyo. Mkutano mkuu wa kijiji unakaa chini ya mwembe, mwenyekiti anasema darasa limefika usawa wa madirisha na bati hakuna, watu wanajadiliana, mikono inanyooshwa, na inaamuliwa kila kaya itoe kiasi fulani. Sheria ya serikali za mitaa ya 1982 inautambua mkutano huo, na kila mkazi mtu mzima ni mjumbe. Kenya wana harambee. Zote ni ndugu za kura ya Portland: watu wa mahali wanakubaliana kujitoza kwa ajili ya watoto wao.

Lakini ugonjwa wake ni uleule wa Edgewood. Kwenye kahawa na misheni, kama Kilimanjaro na Bukoba, shule zilijaa mapema. Lindi na Mtwara zikabaki nyuma. Kenya harambee ilijenga sekondari nyingi sehemu za mashamba mazuri, na chache sana kaskazini kwenye ukame. Haba na haba hujaza kibaba, lakini vibaba havilingani. Serikali ya Mwalimu Nyerere ililiona hilo. Kwa sheria ya elimu ya 1969 ikachukua shule za binafsi zilizokuwa zikipewa ruzuku, na baadaye ikagawa nafasi za sekondari kwa mikoa. Kwa njia yake nayo ilikuwa inajenga tangi la pamoja. Kisha yakaja mabadiliko ya kufuta ada: Uganda elimu ya msingi 1997, Tanzania 2001 na mpaka kidato cha nne 2016, Kenya 2003, Kongo elimu ya msingi 2019, baada ya wazazi wa Kongo kubeba mishahara ya walimu mifukoni mwao tangu miaka ya 1990.

Kwa hiyo tangi tunalo. Tatizo letu ni kwamba mita hatuna, na wa kuuliza maswali mara nyingine ananyamazishwa. Mwaka 2005 shirika la HakiElimu lilipochambua utekelezaji wa mpango wa elimu ya msingi, serikali ililipiga marufuku kufanya na kuchapisha tafiti kuhusu shule, na lilifunguliwa miaka miwili baadaye. Julai 2021 ikaja tozo ya miamala ya simu. Serikali ilisema ni kwa ajili ya madarasa, vituo vya afya na barabara. Hakuna aliyepigishwa kura, kelele zikawa nyingi, na Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Ile ilikuwa kura ya maoni isiyo na karatasi. Serikali ilipata jibu, ila baada ya kukata watu kwanza.

Na kodi ya majengo yenyewe? Tanzania, tangu Agosti 2021, inakatwa kwenye umeme wa LUKU. Nyumba ya kawaida ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, mwaka 2023 ikapandishwa kuwa 1,500. Ni rahisi kukusanya, hilo nakubali. Lakini anayekatwa ni anayenunua umeme, na mara nyingi huyo ni mpangaji, ambaye inabidi akadai kwa baba mwenye nyumba. Mnajua wenyewe madai hayo yanavyoishia. Linganisha na Brussels, ambako sheria inamkinga mpangaji. Tena makato ya nyumba ya kawaida ni yaleyale Masaki na Mbagala. Thamani ya nyumba, ambayo ndiyo sababu ya kuwa na kodi ya majengo, imewekwa kando. Kenya, katiba ya 2010 imeipa kaunti kodi ya ardhi na majengo, lakini shule za msingi na sekondari ziko Nairobi serikalini. Kaunti ina chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Anayelipa kodi hiyo Kisumu hawezi kuifuata kwa macho mpaka kwenye dawati la darasa la nne.

TUONDOKE NA NINI?

Watu huwa wanachanganya mambo mawili. La kwanza ni haki ya kuulizwa na kuonyeshwa pesa inakwenda wapi. La pili ni usawa wa watoto, yaani mtoto asisome vibaya kwa sababu majirani zake ni maskini. Portland wana la kwanza, Edgewood ikatuonyesha kinachotokea la pili likikosekana. Brussels wana sehemu kubwa ya la pili, na la kwanza wamelifungia kabatini kwa sheria. Kwetu, mkutano wa kijiji ulikuwa na la kwanza, na elimu bila ada imejaribu kuleta la pili. Tukichagua moja na kutupa jingine tutakuwa tumerudi nyuma.

Maoni yangu ni haya. Mshahara wa mwalimu na fedha za msingi kwa kila mwanafunzi zitoke tangi la pamoja, zigawiwe kwa idadi ya watoto, na mitaa maskini iongezewe. Hilo lisipigiwe kura ya mtaa. Lakini bati, choo, uzio na maktaba, watu wa mahali waulizwe na waamue, na serikali iongeze mara mbili au tatu pale ambapo wanaojitoza hawana kitu. Kisha kila shule ibandike ukutani, kwa Kiswahili cha kueleweka, kilichoingia na kilichotoka. Mita ya namna hiyo haihitaji hata umeme, inahitaji karatasi na gundi.

Na kwa wale mnaobaki Brussels kwa muda, kuna la kufanya hapahapa. Kwa sheria ya Machi 2004, raia wa nje ya Umoja wa Ulaya aliyekaa Ubelgiji kihalali miaka 5 mfululizo anaweza kupiga kura ya manispaa, akijiandikisha na kusaini tamko la kuheshimu katiba na sheria za nchi. Wageni walianza kuitumia Oktoba 2006. Uchaguzi ni kila baada ya miaka 6. Uliopita ulikuwa Oktoba 2024, ujao ni Oktoba 2030, na kujiandikisha kunafungwa miezi kabla. Ukishajiandikisha, Brussels kupiga kura ni wajibu, siyo hiari. Wanafunzi wa shahada ya uzamivu na wale waliopata kazi wengi watakuwa wamefikisha miaka hiyo. Madiwani mtakaowachagua ndio wanaopanga zile senti za nyongeza, na ndio wanaoamua kama shule ya manispaa mtaani kwako itapata darasa jipya au kontena la muda.

Kura ya kodi yenyewe hatutaiona Brussels leo wala kesho. Lakini anayepanga kodi tunaweza kumpigia kura, na anayepiga kura ana haki ya kwenda kwenye kikao cha baraza, ambacho kwa kawaida kiko wazi, kumuuliza hela imefanya nini. Tabia hiyo ya kuuliza tukirudi nayo nyumbani, mizigo haitazidi kilo.

Nawatakia masomo mema. Wenye mawazo tofauti leteni hoja zenu toleo lijalo, tusahihishane.